Bastola ya Bei Mbaya: Chagua Mchezo Kwanza

Wahenga walisema rahisi ghali, na wauza bastola wanaupenda sana msemo huo. Wasichokwambia ni kwamba ghali nayo huponza. Mtu anatoa pesa nyingi kununua bastola ya kifahari, halafu siku ya mashindano ya kwanza anaambiwa mtutu wake umezidi urefu unaoruhusiwa katika daraja alilojiandikisha. Mwingine ananunua chuma cha kilo moja na ushei akidhani ataivaa kiunoni kila siku. Mwezi haujaisha imehamia kwenye sefu na yeye anatembea mikono mitupu. Wa tatu anapata bastola tamu kweli, ila magazini ya pili haipatikani nchini, na fundi anayeijua yuko bara jingine.

Makala haya ni ya msomaji mwenye leseni, au aliye mbioni kuipata, anayetaka bastola moja nzuri ya kumfaa kwenye mashindano na katika matumizi ya kawaida pia: kulinda nyumba, pengine kuivaa pale sheria inapomruhusu. Nasema moja kwa sababu ndiyo hali halisi ya wengi wetu. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka kila silaha itajwe kwenye cheti cha mmiliki pamoja na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho, na mwenye kauli ni Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi hupita mikononi mwa polisi. Kwa Mmarekani wa Texas, bastola isiyomfaa anaiuza Jumamosi akanunua nyingine Jumatatu. Huku kwetu hubadilishi bastola kama unavyobadilisha simu. Ukikosea, utaishi na kosa lako miaka.

Anza na mchezo

Mchezo ndio utakaokuchagulia bastola, kwa hiyo uamue kwanza unataka kushindana wapi. Ule wa Olimpiki, unaosimamiwa na ISSF, nitaupita haraka. Una bastola zake mahususi, ya upepo kwa mita 10 na ya risasi ndogo ya .22 kwa mita 25, zinazoshikwa kwa mkono mmoja na zenye mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja. Pardini ya Italia au Morini ya Uswisi ni kifaa cha ajabu uwanjani, ila nyumbani usiku haitakusaidia lolote. Kama huo ndio mchezo wako, huhitaji bastola ya kazi mbili, na ushauri mwingi ulio hapa chini haukuhusu.

Wengi wanaouliza habari ya bastola ghali wanafikiria michezo ya kukimbia na kupiga: IPSC na IDPA. IPSC ilizaliwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza, na kaulimbiu yake ni ya Kilatini yenye mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Afrika haikuja kama mgeni katika mchezo huu. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao leo ni Harare, na ya mwaka 2002 yakafanyika Pietersburg, Afrika Kusini, siku hizi Polokwane.

Hesabu ya IPSC ni hii: alama ulizopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Chukua kituo chenye shabaha sita, kila moja risasi mbili, na kila risasi ya katikati alama 5. Jumla ya juu ni 60. Mpigaji wa kwanza anakwenda kwa utulivu, anapata 58 kwa sekunde 10; hiyo ni 5.8. Wa pili anapata 54 tu lakini kwa sekunde 8. Hiyo ni 6.75, na ndiye mshindi. Hapo ndipo bastola nzito inayotulia mkononi inapoanza kulipa, maana inakuruhusu kupiga risasi ya pili mapema bila kuipoteza shabaha.

IDPA ilianzishwa Marekani mwaka 1996 na watu walioona mashindano yamekwenda mbali mno na bastola za kawaida. Huko unavaa koti au shati la kufunika bastola, unapiga ukiwa nyuma ya kinga, na kila alama unayopoteza inakuongezea sekunde nzima kwenye muda wako. Sekunde moja ni nyingi sana katika mchezo huu. Kwa hiyo IDPA humpenda mpigaji mwangalifu, na inaweka mipaka ya uzito na vipimo ili watu waje na bastola wanazoweza kuzivaa kweli. Kenya ina wapigaji wake wa IDPA, na uwanja wa Kirigiti kule Kiambu umekuwa mwenyeji wa mashindano yake. Kama upo Nairobi na marafiki zako wanakwenda Kirigiti, usianze kununua bastola ya daraja la Open ya IPSC kwa kuwa umeiona ikipigwa na bingwa kwenye video. Utakuwa na bastola bora ya mchezo ambao hakuna wa kucheza nawe.

Kila chama kina madaraja. Kwenye IPSC daraja la Production ni la bastola za kiwandani zisizofanyiwa ukarabati mkubwa. Standard inaruhusu zaidi. Open inaruhusu karibu kila kitu, na humo ndimo zilimo zile bastola zenye matundu ya gesi kwenye ncha ya mtutu na kilengeo cha nukta juu yake. Kuna pia hesabu ya nguvu: uzito wa risasi kwa greni unazidishwa na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha unagawanywa kwa 1,000. Ukifika 125 umeingia nguvu ndogo. Risasi ya milimita 9 yenye greni 124 inayokwenda futi 1,050 kwa sekunde inatoa 130, na hivyo imepita. Ukipiga nguvu kubwa, risasi iliyokosa katikati kidogo inakupa 4 badala ya 3, na ya pembeni kabisa 2 badala ya 1. Ndiyo sababu Standard imejaa bastola za .40. Lakini Production inahesabu kila mtu kwa nguvu ndogo, kwa hiyo anayenunua .40 kwa ajili ya Production anajitwisha teke la bure.

Kanuni hizi ndizo zinazowaumiza wanunuzi. Kwa miaka mingi Production ya IPSC iliweka ukomo wa mtutu wa milimita 127. Glock 34, ambayo Glock wenyewe waliitengeneza ikiwa na sura ya mashindano, ina mtutu wa milimita 135. Mtu aliyeinunua kwa ajili ya Production alijikuta kwenye Standard akishindana na watu wa .40. Kanuni hubadilika, na madaraja mapya ya vilengeo vya nukta yameongezwa. Soma toleo la mwaka unaonunua.

Uzito unafanya nini

Bastola ya mashindano inauzwa ghali kwa mambo matatu hasa: uzito uliowekwa mahali pake, kifyatulio safi, na usawa wa vipande vinavyosuguana. Uzito ndio rahisi kuuelezea. Risasi ya gramu 8 ikitoka kwa mita 320 kwa sekunde, bastola nayo lazima irudi nyuma. Bila kuhesabu gesi, bastola ya kilo 1.33 inarudi kwa kasi ya mita 1.9 hivi kwa sekunde; bastola ya gramu 700 inarudi kwa mita 3.7. Karibu mara mbili. Mikono yako ndiyo inayolipa tofauti hiyo. Kilo 1.33 ni CZ Shadow 2, na gramu 700 ni Glock 17 yenye magazini tupu.

Sasa vaa kilo 1.33 kiunoni, ongeza risasi 17 na magazini ya akiba, kisha panda daladala, keti kwenye gari masaa matatu, inama kufunga kamba za kiatu. Nawajua watu wanaovaa bastola za chuma kila siku na hawalalamiki, ila ni wachache, na wote wana mkanda mgumu wa ngozi nene uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Wengine wote watakudanganya miezi miwili, halafu bastola inabaki nyumbani.

Kifyatulio ni habari ndefu kidogo. Bastola za kisasa zenye fremu ya plastiki, kama Glock iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1982, zina kifyatulio kimoja kisichobadilika: kila risasi mvuto ni ule ule. Bastola za nyundo za ukoo wa Ceska zina mvuto mrefu na mzito wa risasi ya kwanza, kisha mwepesi na mfupi kwa zinazofuata. Za ukoo wa 1911, bastola ya John Moses Browning iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, zinabebwa nyundo ikiwa nyuma na kufuli ya usalama ikiwa juu, na mvuto wake mfupi, mnyoofu, haujapatiwa mpinzani kwa zaidi ya miaka 100. Anayeanza hupenda mvuto mwepesi kupita kiasi. Mvuto wa gramu 900 ni raha ukiwa umetulia. Mapigo ya moyo yakiwa 150 na vidole vimejaa jasho, ni njia ya haraka ya kufyatua kabla ya wakati na kufukuzwa mashindanoni. Kwa bastola ambayo pia italinda nyumba, nisingeshuka chini ya kilo 1.5, na nisingemruhusu fundi aguse hata springi moja ya usalama.

Ceska, kwa kuwa tunaifahamu

Hakuna jina la bastola lililozoeleka Kenya kuliko Ceska. Gazeti likiandika tukio la wizi, bastola iliyopatikana mara nyingi ni "aina ya Ceska". Jina hilo ni la Česká zbrojovka, kiwanda cha mji wa Uherský Brod katika Jamhuri ya Cheki, na bastola iliyokijengea sifa ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, mwaka 1975. Siri yake iko kwenye slaidi: badala ya kupanda juu ya fremu, inatembea ndani yake. Mtutu unakaa chini zaidi karibu na mkono, na bastola hairuki sana. Waitaliano wa Tanfoglio walilichukua wazo hilo wakajenga nalo jina lao mashindanoni. Ajabu ya historia ni kwamba kampuni hiyo ya Ceska ndiyo iliyokuja kuinunua Colt ya Marekani, mtengenezaji wa 1911, mwaka 2021.

Shadow 2 ilitoka 2016, na mwaka uliofuata Mfaransa Eric Grauffel akashinda nayo daraja la Production katika mashindano ya dunia ya Châteauroux, kwao Ufaransa. Tangu hapo imekuwa bastola ya kawaida ya daraja hilo. Nenda mashindano yoyote makubwa uhesabu viunoni. Marekani huuzwa kama dola 1,300 hadi 1,500, yaani mara mbili ya Glock 17 na ushei. Kwa kiwango cha bastola za mashindano hiyo si bei ya juu, na kwa maoni yangu hakuna pesa inayonunua ubora mwingi zaidi kuliko hiyo.

Ina aibu zake, na muuzaji hatakutajia. Kwa kuwa slaidi imezama ndani ya fremu, sehemu ya kuishika ukiivuta ni nyembamba. Mwenye vidole vyenye jasho au nguvu kidogo ya mkono ataisumbukia. Mvuto wa kwanza unadai kidole kirefu. Pini inayoishikilia slaidi hukatika baada ya risasi nyingi, na springi ndogo ya kurudisha kifyatulio nayo hukatika siku usiyoitarajia. Mpigaji mzoefu wa Ceska hutembea na vipuri hivyo viwili kwenye kibegi chake, vya bei ndogo sana, na asiye navyo hukaa benchi akiwatazama wenzake.

Jambo la maana kuliko hayo yote linahusu "matumizi ya kawaida". Ili kupata kifyatulio kile kitamu, watengenezaji waliondoa kizuizi cha pini ya kufyatulia, kile kipande kidogo ambacho katika bastola za kuvaa huizuia pini isisogee mpaka kidole kivute. Bila kizuizi hicho, bastola iliyo na risasi chumbani ikidondoka vibaya inategemea springi ya pini na bahati. Tena Shadow 2 haina kitufe cha kuishusha nyundo salama. Wapigaji wa Production wanaishusha kwa kidole gumba huku wakivuta kifyatulio, mdomo wa bastola ukielekea kwenye tuta la udongo. Uwanjani kuna tuta na msimamizi amesimama nyuma yako. Sebuleni, watoto wako chumba cha pili, hakuna tuta. Usifanye hivyo nyumbani, na usiivae Shadow 2 ikiwa na risasi chumbani na nyundo chini.

Kwa mpenzi wa Ceska anayetaka moja kwa yote, dada yake mkubwa SP-01 ni uamuzi wa busara zaidi. Ni ya chuma, karibu kilo 1.2, na ile ya kawaida ina kizuizi cha pini. Angalia tu jina: SP-01 Shadow ni nyingine, na kizuizi hicho haina.

Wenye pesa ya kutupa

Halafu kuna zile zinazoitwa 2011. Ni 1911 iliyonenepeshwa: juu chuma, mpini wa plastiki au chuma wenye nafasi ya magazini ya safu mbili. Ziliibuka Texas miaka ya 1990 katika karakana ya STI, kampuni ambayo tangu 2020 inajiita Staccato. Staccato ya kawaida huanzia karibu dola 2,500 huko Marekani. Zile zinazotengenezwa moja moja na mafundi, kama Infinity au Atlas, zinapita 5,000. Ukiipiga moja utaelewa kwa nini watu wanauza magari. Kifyatulio kinakatika kama kijiti kikavu, na nukta inarudi pale pale ilipokuwa.

Sikushauri uinunue. Magazini zake ni ghali na nyingi zinataka kurekebishwa midomo ndipo zilishe vizuri. Bastola zilizobanwa sana hazipendi vumbi jekundu la viwanja vyetu. Zinataka mafuta kila mara na usafi wa kila siku. Fundi anayeweza kuirekebisha kufuli ya usalama ya 1911 kwa mkono ni adimu, na asiyeijua atakuharibia. Kwenye IPSC, 2011 nyingi zinaishia Standard au Open, ambako utahitaji risasi za nguvu kubwa ili usiwe nyuma. Kama unaishi Johannesburg, una fundi wako, unatengeneza risasi zako mwenyewe, sawa, jipe raha. Kwa anayeishi Mombasa au Arusha, dola 3,000 zinafanya kazi zaidi zikigawanywa: nusu bastola, nusu risasi na mwalimu.

Mkono wako, si wa bingwa

Usinunue bastola ambayo hujaishika. Katika duka au uwanjani, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chumba na magazini ni vitupu, omba ruhusa, elekeza mahali salama. Shika juu kabisa ya mpini, mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono. Kidole cha shahada kikilala kwenye kifyatulio, sehemu ya kati ya ncha yake ifike bila wewe kuzungusha mpini kiganjani. Ukilazimika kuzungusha, bastola hiyo ni kubwa kwako hata kama ndiyo iliyoshinda Châteauroux. Kisha fumba macho, nyoosha mikono kuelekea shabaha, fumbua. Vilengeo vikiwa vimesimama karibu na sawa, mmeelewana. Vikiwa vimetazama juu mara tatu mfululizo, pembe ya mpini haikufai; Glock huwafanyia hivyo watu wengi, na wengine hawaoni tatizo lolote.

Wenye mikono midogo, wanawake wengi wakiwemo, wasome hapa kwa makini. Bastola za plastiki kama Walther PDP au CZ P-10 zina migongo ya mpini inayobadilishwa, na slaidi zake zina makato ya kushikia mbele na nyuma. Mpigaji wa mkono wa kushoto aulize kama kitufe cha magazini kinahamishika. Muuzaji akisema "utazoea", aweke bastola chini mtafute nyingine.

Vilengeo vya nukta nyekundu vimebadilisha kila kitu katika miaka kumi iliyopita, na kwa mtu aliyepita miaka 40, ambaye kilengeo cha mbele kimeanza kufifia, ni neema. Badala ya kupanga vitu vitatu, unatazama shabaha tu na nukta inaelea juu yake. Nukta ya dakika 6 inafunika sentimita 4.4 hivi kwa mita 25. Kwa kasi ya IPSC ni saizi nzuri. Kwa kupiga mbali taratibu, chagua ndogo zaidi. Nunua bastola iliyokatwa tayari slaidi kwa ajili ya kilengeo, hata kama hutakiweka mwaka huu, kwa kuwa kukatisha slaidi baadaye ni gharama na pengine ni mpaka uipeleke nje ya nchi. Kwa bastola ya nyumbani, badilisha betri kwa tarehe, bila kungoja ife, na uache vilengeo vya chuma vinavyoonekana chini ya kioo.

Pesa ambazo hazimo kwenye bei

Bajeti ya bastola huliwa na vitu vinavyoizunguka. Magazini tano ni chache kwa IPSC. Ala ya plastiki ngumu iliyochongwa kwa bastola hiyo hasa, yenye kufunika kifyatulio, ni lazima. Ala laini ya kitambaa inayouzwa "kwa bastola zote" ni hatari kwa bastola yoyote. Mkanda mgumu, miwani, viziba masikio vya kielektroniki ili usikie amri ya msimamizi, na saa ya mlio inayorekodi kila risasi. Saa hiyo ni ya bei ndogo kuliko magazini mbili za 2011, na itakufundisha zaidi ya 2011 yenyewe.

Risasi ndizo zinazomaliza mfuko. Ukipiga 200 kwa wiki, mwaka ukiisha umepita 10,000, na kwa bei yoyote utakayoipata Afrika Mashariki, hiyo ni zaidi ya gharama ya bastola nzuri. Cheti chako nacho kina kikomo cha risasi, kwa hiyo panga na uwanja wako mapema kuhusu risasi za mazoezi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kushikilia milimita 9: ndiyo inayopatikana kila duka na ndiyo ya bei nafuu. Anayekushauri .40 au .45 kwa ajili ya "nguvu ya kusimamisha" mwombe akulipie mwaka wa kwanza wa mazoezi. Mazoezi ya bure kabisa ni ya kufyatua mtupu nyumbani, risasi zote zikiwa chumba kingine, bastola imekaguliwa mara mbili, ukilenga ukuta imara. Dakika kumi kila jioni. Mabingwa wengi wa mchezo huu wanafanya hivyo zaidi kuliko wanavyopiga.

Ukitaka kusafiri kushindana, jua pia kwamba kila mpaka una karatasi zake. Afrika Kusini ina fomu ya polisi, SAPS 520, ya kuingiza silaha kwa muda. Ndege nyingi zinakuruhusu kilo 5 tu za risasi, kwenye kasha lake, bastola ikiwa tupu ndani ya sanduku lililofungwa. Bastola ya aina ya kawaida, yenye jina ambalo afisa wa mpakani amelisikia, hukupitisha haraka kuliko chombo cha ajabu chenye matundu kila upande.

Kwa mtu mwenye leseni ya bastola moja, anayeshindana mara moja kwa mwezi na anayetaka kuivaa au kuilinda nyumba nayo, jibu langu ni bastola kamili ya plastiki ya milimita 9, iliyokatwa kwa kilengeo cha nukta, ya kampuni ambayo vipuri vyake viko nchini: Glock 17, Walther PDP, CZ P-10 F. Tia kilengeo kizuri, magazini sita, na risasi 3,000 za mwaka wa kwanza kadiri cheti na uwanja vinavyoruhusu. Kwa mtu ambaye bastola yake italala kwenye sefu na kuamka uwanjani tu, chukua Shadow 2 bila kusita, pamoja na vile vipuri viwili. Kabla ya kulipa, fungua kitabu cha kanuni cha chama unachoshindania, tafuta daraja lako, kisha muulize muuzaji maswali mawili: magazini ya akiba ni bei gani, na fundi wake ni nani. Akishindwa kujibu, weka pesa yako mfukoni uende duka jingine.